Maji Kwenye Tangi la Trekta

Nianze na hili lisije likapindishwa: mimi Ottilia sijawahi kuiba hata tone la petroli ya kikundi. Wala sijawahi kutia maji kwenye tangi ili kuficha wizi. Najua habari hii inasimuliwa mpaka Kingerikiti, na huko inasimuliwa vibaya, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe niliyekuwepo. Mwenye yake ya kuongeza anisubiri nimalize.

Trekta lenyewe ukiliona utacheka. Ni lile dogo la bustani, kiti kimoja, injini ya petroli ya silinda moja, rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Bruda mmoja Mjerumani, mtawa, alilileta kwa ajili ya bustani za misheni, na alipozeeka wakamrudisha kwao, akatuachia sisi wa kikundi cha kumenya kahawa. Kulima haliwezi. Nani atalima kwa trekta kwenye milima hii ya Litembo, ambako ukiangusha kiazi shambani kwako unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini? Sisi tunalima ngolo, mashimo yetu ya mteremkoni, kwa jembe la mkono. Ila Bruda alikuwa na akili. Aliliegesha kando ya kijito, akavuta mkanda kutoka kwenye injini mpaka kwenye mashine ya kumenya, na tangu hapo kahawa ya kitongoji kizima inamenywa pale. Kabla yake tulizungusha kwa mkono hadi mabega yakafa ganzi.

Kahawa mbivu haisubiri mtu. Ukiichuma leo, uimenye leo. Ikilala kwenye gunia inapata joto, inachachuka, inatoa harufu ya pombe mbaya, na mnunuzi akiinusa anageuza uso. Kwa hiyo trekta likizima msimu wa kuchuma, jasho la mwaka mzima linaozea kwenye magunia. Watu wakilia nawaelewa. Wakinililia mimi kana kwamba nimewaulia mtu, hapo tunagombana.

Mimi ndiye mtunza trekta. Bruda alinifundisha mwenyewe siku zile nafua ovaroli za karakana ya misheni. Wanaume aliowafundisha kabla yangu, kila aliyejua kufungua nati mbili alikimbilia Mbinga mjini kuitwa fundi. Akaniangalia mimi na beseni langu akasema, "Wewe huendi mahali." Kweli sikwenda. Mume wangu Hyasinti ndiye mtu wa kwenda. Anashuka ziwani, Lipingo, kununua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na kuupandisha huku milimani kuuza, na akishuka anakawia. Nyumbani nabaki na watoto na mama mkwe wangu, Mama Tadea. Wenzangu wana mama wakwe wa kusimuliwa kisimani. Wangu, tangu nimeolewa, hajanipandishia sauti, na kila asubuhi akienda Misa ananiombea mimi kabla hajamwombea mwanawe.

Sasa, mwaka ule serikali ilikuwa imewaruhusu wanunuzi binafsi waingie kwenye kahawa. Zamani tulikuwa na ushirika peke yake, unauza leo, malipo unayasubiri mpaka unasahau uliuza nini. Wakaja watu na magari yao na mizani yao. Wa kwetu alikuwa Bernadi, mtoto wa Kingerikiti, Mkatoliki mwenzetu, suruali imenyooka kwa pasi hata penye vumbi. Alinunua kahawa, aliuza petroli ya madumu, aliuza sabuni, na kila kitu cha umma kilichosimama alikiulizia kama kinauzwa. Trekta letu alishaliulizia. Alitaka mashine yote ya kumenya iwe yake, sisi tuwe tunakwenda kwake kumenyewa kwa malipo. Mwenyekiti wetu wa kikundi, Mzee Augustino, ambaye ndiye pia katekista wetu, alimjibu kwamba trekta haliuzwi maadamu linafanya kazi. Jibu zuri, lakini likampa Bernadi kitu cha kungojea.

Siku ya kwanza ya msimu nikatia ufunguo, nikavuta kamba. Injini ikawaka, ikakohoa, ikafa. Nikavuta tena, vilevile. Watu wamesimama na magunia yao wananitazama. "Ndiyo hasara ya kumkabidhi mwanamke mashine," akasema mmoja huko nyuma, na alijua kwa nini amesimama nyuma. Mimi nilikuwa na kazi. Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikavuta kamba, cheche ikaruka safi ya buluu. Basi moto upo. Nikachomoa mpira wa mafuta, petroli ikatiririka. Basi tangi na chujio havina neno. Kilichobaki ni kabureta. Nikafungua kile kikombe chake cha chini, nikakuta petroli iliyobaki toka mwaka jana imeganda utando wa kahawia, na jeti, kile kitundu chembamba ambacho petroli yote lazima ipite, kimezibwa kabisa. Watu wasiojua huchokonoa jeti kwa waya. Waya unapanua tundu, na tundu likishapanuka umeua kabureta. Mimi nilitumia unywele wa mkia wa ng'ombe, nikapuliza kwa mdomo, nikasuuza kwa petroli mpya, nikafunga. Nikavuta kamba mara moja tu, injini ikanguruma. Tukamenya mpaka jua likazama, na yule wa nyuma naye akamenyewa kahawa yake.

Nilidhani nimemaliza. Haikupita siku nyingi, katikati ya kazi, injini ikakohoa ikafa tena. Nikafungua kikombe. Safari hii hakikuwa na utando. Kilikuwa na maji.

Maji na petroli havichanganyiki. Maji yanakaa chini, petroli juu, na ukitikisa kikombe unayaona yanaviringika kama shanga. Jeti ikinyonya maji, injini inazima. Hakuna uchawi hapo. Nikamwaga, nikakausha kwa kitambaa, nikafunga, ikawaka. Kesho yake maji tena. Nikasema labda ni umande, maana Julai kwetu baridi inakata, na tangi likilala nusu tupu chuma kinatoa jasho kwa ndani. Nikaanza kulijaza pomoni kila jioni na kulifunika turubai. Asubuhi yalikuwa mengi kuliko ya jana! Nikakagua kifuniko, mpira wake mzima. Nikakagua tangi, halina ufa. Siku ile nilifungua na kufunga kabureta mpaka vidole vikachubuka, na gunia la Mama Luisa, jirani yangu, likachachuka pembeni yangu nikiwa nalitazama.

Basi nikajua ni nani. Bernadi! Nani mwingine? Petroli tunanunua kwake, trekta analitaka yeye, na likifa anayefaidika ni yeye. Mimi hasira zangu zina miguu. Sikunawa hata mikono, nilipanda moja kwa moja mpaka dukani kwake nikiwa nanuka mafuta, nikasimama mlangoni nikasema yote, na sikusema kwa sauti ya kuungama.

Bernadi hakukasirika. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Alichukua chupa nyeupe ya soda, akamimina petroli kutoka kwenye dumu mbele ya watu wote, akaiweka mezani. "Tusubiri, Mama Zita," akasema. Mama Zita ndiyo mimi, kwa jina la binti yangu mkubwa. Tukasubiri. Wateja nao wakaacha kununua sabuni wakasubiri. Chini ya chupa hapakuonekana hata chozi la maji. Nikainusa. Nikajimwagia kiganjani nione kama imechanganywa na mafuta ya taa, ikakauka upesi, haikuacha utelezi. Petroli yake ilikuwa safi. Ninalisema hilo kwa sababu mimi si mwongo, ingawa kulisema kuliniuma.

"Sasa niulize mimi," akasema Bernadi, na sauti akaipandisha ili isiwe ya watu wawili tu. "Kwangu imetoka safi. Kwako imefika ina maji. Mtu akichota petroli pembeni akaiuza, anajazia nini ili tangi lisionekane limepungua?"

Lo! Mimi mwizi? Mimi niliyekwenda na spana kabla ya chai ili wao wamenyewe kahawa? Nilitafuta neno la kumtupia nikakosa, na kule kukosa kwangu neno watu wakakuchukua kuwa ndilo jibu. Nilipofika kisimani jioni, habari ilikuwa imefika kabla yangu. Wanawake niliochota nao maji toka sijaolewa wakasogeza ndoo zao kando. Wala si kwa kunipisha.

Mzee Augustino akaja nyumbani, akasimama uani, hakutaka kukaa. "Mama Zita, Jumapili baada ya Misa tunakutana mbele ya ghala la kikundi. Uje na ufunguo wa trekta." Nikamuuliza kama na yeye anaamini. Akasema yeye ni mwenyekiti, anasikiliza watu. "Na watu wanasemaje?" nikauliza. "Wanasema kahawa inaoza," akasema, akaondoka.

Usiku sikulala kwa hasira. Asubuhi nikashuka kijitoni, nikasema leo sitengenezi, leo natafuta. Nikafungua kikombe, maji yapo kama kawaida. Badala ya kuyamwaga nikayamimina kwenye kifuniko cha bati, nikakiweka juu ya jiwe juani, nikaanza kulegeza mpira wa mafuta nisafishe njia nzima. Nilipogeuka maji yalikuwa yamekauka. Bati limebaki na ukungu mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaugusa na ncha ya ulimi.

Chumvi.

Nikakaa chini. Chumvi inatoka wapi? Kijito chetu hakina chumvi. Ziwa Nyasa lenyewe na ukubwa wake wote halina chumvi, muulizeni Hyasinti anayeyanywa maji yake kila akishuka. Umande hauna chumvi. Na mwizi wa petroli anayejazia maji, atatia chumvi kwanza kana kwamba anaunga mboga? Nikawaza maji yote ninayoyajua katika maisha yangu, na yenye chumvi yalikuwa ya namna moja tu. Usiku wa Pasaka padri anabariki maji, anatia ndani yake chumvi iliyobarikiwa, na sisi tunayachukua kwa chupa kwenda nayo nyumbani. Kwetu chupa ile inakaa chumbani kwa Mama Tadea, chini ya picha ya Bikira Maria.

Yesu na Maria.

Nilimkuta anachambua maharage. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashine inaendeleaje?"

"Mama, ile chupa ya maji ya baraka iko wapi?"

Akanyanyuka bila haraka, akaingia ndani, akatoka nayo. Ilikuwa na maji ya kufunika kitako tu. "Imekwisha tena," akasema. "Jumapili nitamwomba katekista anijazie."

"Inakwishaje, Mama? Nyumba hii haina mgonjwa."

Akatabasamu, vile anavyotabasamu mtu aliyekutwa anatoa sadaka kwa siri. "Yupo mgonjwa. Siku ile ya kwanza walipokucheka, mimi niliumia kuliko wewe. Ulipoinama kwenye ile kazi yako nikalinyunyizia trekta mgongoni. Ukavuta kamba mara moja tu, likanguruma. Uliona mwenyewe! Nikasema, kama kwa kunyunyiziwa nje limepona hivi, ndani je? Mgonjwa hanyunyiziwi tu, anapewa na ya kunywa. Basi kila nikienda Misa alfajiri, wewe bado hujafika, napita pale, nafungua kile kifuniko, nampa kidogo. Akizidi kuugua namwongezea."

Nilipiga kelele. Sitaki kujifanya mwema, nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Mama! Umeniua! Ni wewe! Maji ndiyo yanayolizima, Mama, maji, yawe ya baraka, yawe ya mvua! Wananiita mwizi kijiji kizima kwa sababu ya hiyo chupa!"

Alikaa kwenye kigoda chake polepole. Maharage yakamwagika na hakuyaokota. "Mimi nilikuwa nakuombea wewe," akasema. "Wasije wakakunyang'anya."

Ningefanya nini? Ningemgombeza tena? Nilikuwa nimejaa hasira hadi masikioni na sina mtu wa kumwangushia. Nililia pale uani, naye akalia kigodani, kila mtu na lake. Mwisho nikajifuta uso nikamwambia, "Hili lisitoke humu ndani." Maana yeye ndiye kiongozi wa akina mama wa rozari, na mama wa namna ile hachekwi na watu mbele ya ghala nikiwa hai. Nitasema ni umande. Nitasafisha tangi, trekta litafanya kazi, yataisha. Jioni ile nikamwaga petroli yote, nikakausha tangi mpaka pembezoni, nikasuuza mpira, nikafungua kabureta nikaiosha, chumvi ilikuwa imeanza kuyala madini ya jeti. Nikawasha. Likanguruma bila kukohoa.

Jumapili tukatoka Misa tukaenda ghalani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni pikapu ya Bernadi. Imegeuzwa nyuma kuelekea njia ya kijitoni, kamba nene imeshafungwa tayari kuvuta. Hebu fikirini! Kesi haijaanza, na mshtaki ameshaleta kamba. Hiyo ilinikera kuliko neno lolote lililosemwa baadaye. Kando ya ukuta kulikuwa na magunia ya kahawa iliyochumwa Jumamosi ikalala, joto lake ulilisikia ukipita.

"Weka ufunguo mezani," akasema Mzee Augustino. Nikauweka.

Nikasema, "Trekta limepona. Twendeni sasa hivi niwashe mbele yenu."

"Leo litawaka," akasema Bernadi. "Kesho kutwa litazima. Si ndivyo siku zote? Atuambie maji yalitoka wapi."

"Umande," nikasema.

Wakacheka. Umande wa kujaza kikombe! Hata mimi ningecheka. Niliuma ulimi, nikamwangalia Mama Tadea kwa jicho la kumwambia akae. Hakukaa. Alisimama na kitenge chake cha kanisani, akaeleza yote, tangu kunyunyizia mpaka kunywesha, hakujipunguzia hata kidogo. "Mkwe wangu hajaiba," akasema. "Maji niliyatia mimi. Kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi."

Mimi moyoni nikasema, haya, watamcheka, nitagombana nao, lakini angalau yamekwisha. Thubutu! Bernadi akasimama, tena kwa heshima, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama. Tunakushukuru kwa imani yako. Mzee wetu katekista, mimi nauliza tu. Maji ya baraka ni baraka au ni laana?"

"Ni baraka," akasema Mzee Augustino.

"Yanaweza kuharibu kitu kilicho mikononi mwa mtu msafi?"

Mzee Augustino akajikuna shingo. Alijua! Naapa alijua. Mzee yule ana taa ya karabai nyumbani kwake, anaijaza mafuta kwa faneli na kitambaa lisiingie hata tone la maji. Lakini waumini wote wanamtazama mdomoni, na yeye ndiye anayewagawia maji yale kwa ndoo, sasa atawaambia nini? "Hayawezi," akasema.

"Basi kilichozima mashine si maji," akasema Bernadi. "Ni mkono unaoishika."

Mmesikia hiyo? Jana nilikuwa mwizi, leo nimekuwa mwenye shetani! Na watu wale, watu niliowamenyea kahawa miaka yote, wakaguna kukubali. Wengine wakafanya ishara ya msalaba. Mama Luisa akamvuta mtoto wake karibu.

"Mzee Augustino!" nikasema, na sauti yangu nadhani waliisikia mpaka hospitali ya misheni. "Karabai yako ukiitia maji ya baraka itawaka? Jibu hilo tu!"

"Usikufuru, Mama Zita," akasema, hakunitazama. Akanyoosha mkono kwenye meza, akauchukua ufunguo.

Nilikuwa namtazama yeye, kwa hiyo sikumwona Mama Tadea anaondoka. Nilipogeuka alikuwa amefika kwenye pikapu. Alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha tangi, na kutoka ndani ya kitenge akatoa ile chupa, imejaa hadi shingoni. Mzee Augustino mwenyewe alikuwa amemjazia baada ya Misa.

"Bernadi, mwanangu," akaita. Hakupaza sauti, wala haikuwa ile sauti ninayoijua. Ilikuwa na hasira. Sijawahi kumwona na hasira kabla ya siku ile. "Njoo tusali. Umesema vizuri sana. Kwa mtu msafi maji haya hayana madhara. Mkwe wangu nilikuwa nampa kidogo kidogo. Wewe nakupa chupa nzima."

Akainamisha chupa.

"Mama!" Bernadi alikanyaga benchi, benchi likamwangusha, akainuka na vumbi kwenye suruali yake ya pasi. "Mama, acha! Usitie maji humo! Injini itakufa!"

Akamfikia, akamshika mkono. Tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye mdomo wa chupa.

"Sikusikia vizuri," akasema Mama Tadea. "Itafanya nini?"

Bernadi akakirudisha kifuniko cha tangi.

"Katekista amesikia? Maana yeye yuko mbali kidogo."

Mzee Augustino aliurudisha ufunguo mezani taratibu, kana kwamba unaunguza. Kicheko kilianzia kwa akina mama wa rozari, kikasambaa, mpaka kikafika kwa wale wale waliokuwa wanafanya ishara ya msalaba. Bernadi akafungua kamba yake, akapanda gari akaondoka, hakumuaga mtu.

Mnadhani waliona haya? Hawakuona! Nilipouchukua ufunguo wangu, wameshaanza kubeba magunia. "Mama Zita, twende basi, kahawa ya jana inapata joto." "Mama Zita, ya kwangu ianze, ndiyo iliyolala." Midomo ile ile! Tulipofika kijitoni nikasimama mbele ya trekta, nikaufunga mkono wangu juu ya ule ufunguo.

"Siwashi," nikasema. "Kwanza mniombe radhi. Mmoja mmoja, kwa sauti, kila mtu kwa mdomo wake ule aliotumia."

Wakadhani natania. Mama Luisa akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Wakatazamana, wakatazama magunia. Harufu ilikuwa imeanza. Mama Luisa akaweka gunia chini, akaja, akasema. Akaja mwingine. Wakapanga foleni pale kando ya maji, wazee kwa vijana, na mimi nilimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Aliyemung'unya nilimrudisha aanze upya. Mzee Augustino alipofika alivua kofia akasema kwa sauti ya chini sana, nikamwambia, "Huko nyuma hawajasikia, Mzee." Akarudia, wakasikia.

Nikatia ufunguo, nikashika kamba niwashe, nikaona foleni haijaisha. Nyuma ya Mzee Augustino alikuwa amesimama Mama Tadea, kitenge chake cha kanisani kimelowa ukingoni kwa umande wa majani, chupa iko kwapani.

"Mama," nikasema, "wewe unafanya nini hapo?"

"Nimepanga foleni, mwanangu. Na mimi ni zamu yangu."

Nilikuwa nimebaki na hasira za kunifikisha mpaka mavuno mengine, na zote zikaniishia pale. Nilimgeuzia mgongo upesi, nikavuta kamba ya injini, watu wasije wakasikia ninavyolia.